Hodi Isiyoitikiwa Islii

Jumamosi ya kumi la mwisho la Ramadhani, saa nne za usiku, nilikuwa kwenye foleni ya kulipa katika duka moja la nguo, ghorofa ya pili ya jumba lililo First Avenue, Eastleigh, yaani Islii. Mbele yangu alisimama mama mwenye mashuka mawili kwapani na mtoto aliyelala begani. Keshia alibonyeza kitufe, akangoja. Akabonyeza tena. Kisha akayatamka maneno ambayo mkazi wa Nairobi ameyazoea kuliko salamu: sistimu iko chini.

Mama yule hakukasirika. Aliuliza tu, akimwita ndugu kwa Kisomali, "Sistimu ya nani, walalo? Yangu au yenu?"

Keshia akacheka, foleni ikacheka, na swali likapotea hivyo. Mimi nimelibeba tangu usiku ule, kwa sababu sijawahi kumsikia fundi wa kompyuta akianza kazi kwa swali zuri kulishinda.

Kwenye kaunta ile moja zinakutana seva tatu, kila moja na mwenyewe. Ya kwanza ni ya duka: sanduku jeusi chini ya meza ya ofisi ya nyuma, limejaa vumbi la pamba, nalo ndilo lenye hifadhidata ya bei, mali na madeni. Ya pili ni ya M-Pesa. Hiyo, hadi mwaka 2015, ilikuwa Ujerumani. Tangu huduma hiyo ianze Machi 2007, shilingi iliyotoka kwenye simu moja kwenda simu ya jirani, watu wawili wakitazamana, ilizuru Ulaya kwanza ndipo ikarudi mtaani. Ya tatu ni ya Mamlaka ya Ushuru, KRA, ambako ankara za kielektroniki za mfumo wa eTIMS hupelekwa. Yoyote kati ya hizo ikizimia, keshia huona kitu kimoja tu: duara linazunguka na risiti haitoki.

Kuzitenganisha si kazi ya shahada. Mwambie keshia atafute bei ya shuka bila kuliuza. Bei ikitokea, seva ya nyumbani ni hai na mara nyingi lawama ipelekwe mbali. Bei isipotokea, acheni kumtukana Safaricom; aliyelala yuko chini ya meza yenu. Hata walioubuni mfumo wa eTIMS walijua kwamba njia ya kufika KRA itakatika mara kwa mara, ndiyo maana kuna namna ya kuuunganisha inayomruhusu mwenye biashara kutoa ankara palepale na kuzituma baadaye. Katika kuzurura kwangu kwenye vyumba vya nyuma vya mtaa huu nimegundua kuwa seva inayolaumiwa kwanza ni ya mbali, na inayougua ni ya karibu.

Jambo hilo linachekesha kidogo ukikumbuka tuko nchi gani. Sidhani kuna taifa jingine ambalo wachuuzi wa nyanya wamewahi kuimba barabarani wakidai seva. Uchaguzi wa Machi 4, 2013, vifaa vya kutambua wapigakura viliishiwa na betri katika madarasa yasiyo na stima, upeperushaji wa matokeo ukakwama, na idadi ya kura zilizoharibika ikaonekana skrini nzima ya Bomas, kituo cha kutangazia matokeo, ikiwa imevimba. IEBC, tume ya uchaguzi, ikaja kueleza kwamba programu ilikuwa ikiizidisha mara nane. Miaka minne baadaye, Agosti 2017, Mahakama ya Juu iliagiza tume hiyo itoe fursa ya kuzikagua seva zake. Haikutii ipasavyo, na Septemba 1 majaji wanne dhidi ya wawili, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, wakaubatilisha uchaguzi wa urais. Wimbo wa "fungua seva" ulitoka hapo, ukarudi tena katika maandamano ya 2023. Kila mtu alijua kwamba ndani ya seva kuna daftari linaloandika nani aliingia, saa ngapi, na nini kilishindikana.

Daftari hilo lipo pia kwenye sanduku la chini ya meza. Mafundi huliita logi. Katika maduka mengi niliyoingia, halijafunguliwa tangu siku mtambo ulipowekwa.

Eastleigh si mtaa wa watu wasiojua kutunza kumbukumbu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, baada ya serikali ya Somalia kuanguka 1991, wakimbizi waliopanga vyumba katika nyumba ya wageni ya Garissa Lodge walianza kuuzia bidhaa vitandani: mchana chumba ni duka, usiku ni malazi. Hapo ndipo yalipozaliwa majumba ya biashara tunayoyaona leo. Pesa zilisafiri kwa hawala, na kabla ya kompyuta hawala ilikuwa daftari na taar, yaani redio ya masafa marefu. Karani wa upande mmoja alisoma jina na kiasi, wa upande wa pili akaandika, ndipo mtu akalipwa. Kuandika kulitangulia kulipa. Wimbi likikatika katikati, kilichoandikwa kimeandikwa. Shikeni hilo, nitalirudia stima zikipotea.

Kwanza hodi. Ukitaka kuuelewa ugonjwa wa hifadhidata kwa Kiswahili, usianze na waya, anza na hodi. Kompyuta ya keshia ni mgeni, hifadhidata ni mwenye nyumba. Mgeni hubisha mlango wenye nambari: MySQL na nduguye MariaDB husikiliza mlango wa 3306, SQL Server ya Microsoft 1433, PostgreSQL 5432. (MySQL na MariaDB ni ndugu kweli. Michael Widenius wa Ufini aliipa ya kwanza jina la bintiye My, na kampuni ya Oracle ilipokuwa inaelekea kuimiliki, mwaka 2009 akaanzisha tawi lake na kulipa jina la binti mdogo, Maria. Wenye maduka ya Eastleigh yanayoitwa kwa majina ya watoto wao hawatashangaa.) Jibu analolipata mgeni ndilo linaloonyesha penye maradhi.

Kuna jibu la "hatujafungua". Windows huliandika 10061, Linux 111. Watu huliona wakafa moyo, kumbe ni habari nzuri nusu: njia inapitika, nyumba ipo, na aliyeko langoni amekujibu. Ila programu ya hifadhidata yenyewe haijaamka, au imeamka ikasikiliza mlango mwingine. Kisha kuna kimya. Unabisha, unangoja, hata mbwa habweki, mwisho Windows inaandika 10060. Hapo usiiguse hifadhidata. Ama njia imezibwa, na mzibaji mara nyingi ni ukuta wa usalama wa Windows baada ya kujisasisha usiku, ama umebisha nyumba isiyo yake.

Hilo la nyumba isiyo yake ndilo ninaloliona zaidi, nalo huja na stima. Umeme unapotea, jumba zima linanyamaza, jenereta inanguruma, umeme unarudi. Ruta huamka na kugawa anwani upya kwa kila kifaa kilichowahi. Seva iliyokuwa 192.168.1.5 jana inapewa 192.168.1.9 leo, kwa sababu simu ya kijana wa stoo imeitangulia. Keshia wote wanabisha 5 kama walivyofundishwa. Anayekaa humo sasa ni simu, na simu haina habari na bei ya mashuka. Ni kama muuzaji aliyehamishwa kibanda kutoka ghorofa ya kwanza hadi ya tatu bila kuwaachia wateja ujumbe. Dawa yake ni dakika mbili: seva ipewe anwani isiyobadilika. Lakini nimeona seva ikifutwa na kuwekwa upya tangu mwanzo, siku nzima ya biashara ikapotea, kwa ugonjwa wa anwani.

Nambari 1045 ni mwenye nyumba anayeuliza "wewe nani?" Mtu amebadilisha nywila bila kuwaambia wenzake. Tupite.

Nambari 2006 ina utani wake. MySQL, isipoelekezwa vingine, humvumilia mgeni aliyekaa kimya kwa sekunde 28,800, yaani saa nane kamili, kisha humfungia mlango bila kumuaga. Duka linafungwa saa nne usiku, keshia anaacha programu wazi, na saa moja asubuhi zimeshapita saa tisa. Mteja wa kwanza anakataliwa: seva imeondoka. Wa pili anahudumiwa vizuri, kwa sababu programu imeshabisha hodi upya. Duka likaishi miaka likiamini kwamba mteja wa kwanza ana mkosi.

Usiku ule wa mashuka, kosa lilikuwa 1040: wageni wamezidi.

Mwenye duka, mzee ambaye sisi wateja wake wa zamani humwita hajji, alinikaribisha nyuma kwa kuwa alijua ninaandikia gazeti na alitaka shahidi. Fundi alikuwa kijana aliyetembea kwa miguu kutoka Section One, maana siku hizo za mwisho za mfungo hata bodaboda haipenyi Jam Street. MySQL huwa imewekewa kikomo cha wageni 151 kwa wakati mmoja. Duka lile lilikuwa na keshia saba. Saba hawafiki 151 hata wakibisha kwa miguu na mikono, na hapo ndipo fundi mzuri hutengana na fundi wa haraka.

Fundi wa haraka huongeza kikomo. Anaandika 1,000, anaizima seva na kuiwasha, foleni inasogea, analipwa, anaondoka na baraka. Kumbe kila mgeni hula kumbukumbu ya mashine, yaani RAM, hata akiwa amekaa tu. Kikomo kikiwa juu, wanajaa hadi RAM inakwisha, na mfumo wa Linux ukibanwa namna hiyo humtafuta mlaji mkubwa na kumuua ili wengine wapumue. Mlaji mkubwa kwenye seva ya hifadhidata ni nani? Wiki mbili baadaye duka linalia kwamba seva inakufa yenyewe, na hakuna anayekumbuka ile dawa ya awali.

Fundi mzuri huuliza ni akina nani hawa 151. Kuna amri fupi ya kuwaorodhesha, nasi tuliitazama orodha pamoja. Karibu wote walikuwa wamelala. Ukurasa wa ripoti ulioandikwa mwaka huo, ule ambao binti wa hajji huufungua kwenye simu kuona mauzo ya saa, ulikuwa unafungua mlango kila unapojisasisha na hauufungi. Kila mara mgeni mpya anaingia, anapewa kiti, anasinzia. Siku za kawaida saa nane zile zilitosha kuwaondoa kabla nyumba haijajaa, kwa kuwa ukurasa ulifunguliwa mara chache. Ramadhani, biashara ikiwa moto, binti aliuacha wazi kwa muda mrefu.

Nchi nzima iliwahi kuona ugonjwa wa hodi nyingi, ingawa ule ulikuwa wa kukusudia. Mwisho wa Julai 2023 tovuti ya eCitizen, iliyokuwa na huduma zaidi ya 5,000 za serikali, iliangushwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan. Waziri wa habari na mawasiliano wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha shambulio na kusema hakuna data iliyopotea. Hawakuvunja mlango, walibisha kwa wingi hadi mgeni wa kweli akakosa pa kusimama, wasafiri wakaambiwa viza watapewa wakifika, na watu wakahangaika kununua tokeni za stima. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki ndugu wawili Wasudani kwa kuliongoza kundi hilo. Duka la hajji lilipata maradhi hayohayo kutoka kwa binti yake.

Sasa stima, niliyoahidi.

Hifadhidata haiandiki moja kwa moja pale mahali pa kudumu. InnoDB, injini iliyo ndani ya MySQL, huandika kwanza kwenye daftari dogo la pembeni: nitapunguza shuka moja, nitaongeza shilingi kadhaa. Daftari hilo likishatulia diskini, ndipo mauzo huhesabiwa kuwa yamekamilika. Kurasa kubwa zitapangwa baadaye kwa nafasi. Umeme ukikatika katikati, seva ikiamka hulisoma daftari hilo kuanzia ilipoachia, inayamalizia yaliyothibitishwa na kuyafuta yaliyokatizwa. Karani wa taar angelielewa bila kufundishwa. Hofu nyingine ni ukurasa uliokatika nusu: InnoDB hufanya kazi kwa kurasa za kilobaiti 16, na umeme haungoji ukurasa uishe. Kwa hiyo kila ukurasa huandikwa mara mbili, mahali pa akiba kwanza, ndipo mahali pake.

Maana yake ni kwamba kukatika kwa umeme pekee ni nadra kuiua hifadhidata iliyowekwa sawasawa kwenye diski isiyodanganya. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu Kenya yote ilipoingia gizani, seva nyingi ziliamka zikajisomea madaftari yao na kuendelea. Anayeua ni mtu anayekuja baada ya hapo.

Nina kinyongo naye huyu, nikiri. Seva inachelewa kuamka kwa sababu inasoma daftari, labda dakika kumi, labda arobaini. Foleni inapiga kelele. Fundi wa haraka anaizima kwa kitufe, anaiwasha, anaizima tena. Kisha anakumbuka ushauri aliousikia mahali kwamba ukiyafuta mafaili ya logi seva huamka mara moja. Anayafuta. Ama anafuta ibdata1, faili ambalo katika matoleo ya zamani ya MySQL ndilo lenye orodha ya majedwali yote. Seva inaamka kweli, nyepesi, na haikumbuki kitu. Kuna njia rasmi ya kuilazimisha iamke ikiwa majeruhi, ngazi ya 1 hadi ya 6, na maelekezo ya watengenezaji wenyewe yanaonya kwamba kuanzia ya 4 unaweza kuharibu data moja kwa moja. Nimeona mtu akianzia 6. Kabla ya ngazi yoyote, kabla hata ya kuwasha mara ya pili, nakili folda nzima ya data kwenye diski nyingine. Ukikosea, utakosea juu ya nakala.

Na diski iliyojaa? Hiyo huua kimyakimya kuliko stima. Mfumo huandika kosa 28, nafasi imekwisha, na mauzo yanagoma huku kusoma bei kukiendelea, jambo linalomvuruga hata fundi mzoefu. Kwa maduka yanayotumia SQL Server ya bure ya Express, katika matoleo hadi lile la 2022, kikomo ni gigabaiti 10 kwa hifadhidata moja. Duka linalouza vizuri linaweza kufika hapo siku yoyote, bila onyo kwenye skrini ya keshia, hata diski ikiwa bado na nafasi tele. Kufanikiwa nako kuna kikomo.

Kuhusu nakala rudufu nitasema kidogo, kwa kuwa kila mtu anasema. Katika mtaa ulio jirani ya Gikomba, soko ambalo limeungua mara nyingi kiasi kwamba wafanyabiashara wake huhesabu miaka kwa mioto, flashi iliyochomekwa nyuma ya seva ileile si nakala, ni pambo. Na nakala ambayo haijawahi kurudishwa kwa majaribio ni matumaini tu. Wakubwa pia wamelijua hilo kwa aibu. Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, akiwa kazini usiku, alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva isiyo sahihi. Kati ya takriban gigabaiti 300 zilibaki 4.5. Walikuwa na njia tano za kutunza nakala, na hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ilivyotarajiwa. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa bahati saa sita kabla. Kilichonivutia ni walichofanya baadaye: waliiandika kazi ya ukombozi hadharani na kuirusha moja kwa moja YouTube, watu maelfu wakitazama. Waliifungua seva bila kuimbiwa.

Turudi kwa hajji. Fundi aliwaondoa waliolala, akaufunga ukurasa wa ripoti, na seva ikaanza kupumua saa tano kasoro. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwa ameitiwa: akafungua logi. Mstari mmoja ulijirudia ukurasa baada ya ukurasa, muunganisho umeachwa, muunganisho umeachwa, kila mmoja na tarehe na saa yake. Hajji akavaa miwani, akainama. Alitaka kujua wa kwanza ni wa lini. Fundi akapandisha, akapandisha, akapita Ramadhani yote, akaingia Shaabani. Hajji akasema polepole kwamba hiyo ndiyo wiki ukurasa ule ulipowekwa, na kwamba alimlipa aliyeuweka.

Mbele dukani, keshia walikuwa hawajasimama hata dakika moja. Sistimu ilipolala, hajji alitoa kwenye droo daftari la mistari, akaligawa kwa keshia, na mauzo yakaendelea kwa kalamu. Sasa fundi aliliomba. Akaketi, akaanza kuingiza mstari mmoja mmoja, kwa mpangilio ulioandikwa, akitia tiki pembeni kila alipomaliza. Katikati ya ukurasa wa pili alisita na kumgeuzia hajji daftari, kwa kuwa hakujua mstari ule auweke wapi kwenye mfumo. Kwa hati ya keshia yule aliyecheka, ilikuwa imeandikwa: mashuka mawili, mama wa Section Three, atalipa kesho.